Mikutano ya Teknolojia katika Elimu ya Juu na Kazi ya Mwanaisimu wa Kiswahili: Mafunzo kutoka Karatu na Ngorongoro



Katika mhadhara huu nakusudia kujadili jambo ambalo wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kulitazama kwa pembeni, yaani mikutano ya kitaaluma ya teknolojia katika elimu ya juu. Kwa kawaida tunaiona mikutano hiyo kuwa ni mali ya wahandisi, wakutubi na wakuu wa vitengo vya TEHAMA. Mwenzetu akialikwa, aghalabu huenda kama msindikizaji. Husikiliza, hukusanya vijitabu, hupiga picha ya pamoja, kisha hurejea nyumbani na mkoba wenye nembo. Hoja nitakayoitetea ni kwamba mikutano hiyo ni mahali ambapo mambo hupewa majina na lugha hupangiwa vyeo, na kwamba lugha isiyo na msemaji wake ukumbini hupangiwa cheo na wale waliomo.

Mifano yangu mingi nitaitoa katika wilaya mbili za Mkoa wa Arusha, Karatu na Ngorongoro. Huenda msikilizaji akashangaa, maana mikutano ninayoizungumzia hufanyika Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, na washiriki wake hufika Karatu pale tu wanapokwenda kuwaangalia wanyama baada ya mkutano kufungwa. Ziko sababu mbili za uchaguzi huu. Kwanza, Ngorongoro ina historia ndefu ya kupelekwa mikutanoni na watu wengine na kupewa majina huko. Pili, ni vigumu kupata mahali pengine katika Afrika ya Mashariki ambapo Kiswahili kinakutana, katika eneo dogo kiasi hicho, na lugha zilizo mbali nacho kiasi hicho.

Majina yaliyotoka bondeni

Tuanze na bonde ambalo vitabu vingi duniani huliita Olduvai. Wamaasai huliita Oldupai, kwa jina la mkonge wa porini unaoota kwa wingi mahali hapo. Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika bondeni humo, na jina likaandikwa kwa v badala ya p. Kosa la herufi moja likaingia katika ramani, kutoka ramani likaingia katika makala, na kutoka makala likaingia katika jina la zana za mawe ambazo wanaakiolojia wa dunia nzima huziita za Ki-Oldowan. Leo jina Oldupai linatumika tena kwenye vibao na katika maandishi mengi ya Tanzania. Lakini jina la zana hizo halibadiliki, kwa kuwa limo katika maelfu ya kurasa ambazo hakuna awezaye kuzikusanya na kuzisahihisha.

Mfano wa pili unagusa Uswahili moja kwa moja. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona katika bonde hilohilo vipande vya fuvu la kiumbe aliyeishi takribani miaka milioni 1.75 iliyopita. Mwezi uliofuata Louis Leakey alilipeleka fuvu hilo Leopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, akalionyesha katika Kongamano la Nne la Afrika Nzima kuhusu Historia ya Kale. Alikuwa amekwisha kumpa kiumbe huyo jina la Zinjanthropus boisei. Sehemu ya kwanza ilitokana na Zinj, jina ambalo waandishi wa Kiarabu wa zamani waliliita pwani yetu, na ambalo mwanafunzi yeyote wa historia ya Kiswahili hukutana nalo katika mwaka wake wa kwanza. Sehemu ya pili ilikuwa heshima kwa Charles Boise, mfadhili wa uchimbaji. Wataalamu walipolijadili upya suala la jenasi, Zinj ikaondolewa, na leo kiumbe huyo huitwa na wengi Paranthropus boisei. Kanuni za uainishaji ndizo zilizoleta matokeo hayo, wala hapakuwa na hila. Hata hivyo sioni vibaya kutaja kwamba katika jina lote hilo lililosalia ni la mfadhili.

Mifano hii miwili inaonyesha namna jina linavyosafiri. Mtu hufika, husikia kadiri anavyoweza kusikia, huandika, huwasilisha mbele ya wenzake, na wenzake hunukuu. Baada ya hapo usahihi wa jina hautegemei tena wenye bonde. Hivyo ndivyo istilahi za teknolojia zinavyosafiri pia, ila kasi yake ni kubwa zaidi.

Kiswahili mbele ya majirani zake

Kabla hatujajitazama kama waliodhulumiwa, yafaa tuone Kiswahili chenyewe kimefanya nini katika wilaya hizi. Karatu ni nchi ya Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wamo Wadatooga, wasemaji wa lugha ya Kiniloti, kama walivyo Wamaasai wa Ngorongoro. Kando ya Ziwa Eyasi wapo Wahadza, watu wapatao elfu moja na ushei, ambao lugha yao ina vidoko na bado haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Kaskazini, katika Wilaya ya Ngorongoro, wapo Wabatemi, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama Kiswahili.

Sasa tazama majina ambayo Kiswahili kimekuwa kikiwaita watu hawa. Wairaqw waliitwa Wambulu, kwa jina la mahali. Wadatooga waliitwa Wamang'ati, neno lililotokana na lugha ya Kimaasai, na maana yake huko ni adui. Wahadza waliitwa Watindiga, na Wabatemi mpaka leo wengi wetu tunawaita Wasonjo. Katika kila hali Kiswahili kilichukua jina kutoka kinywani mwa jirani, wakati mwingine jirani mgomvi, kikalisambaza kwa nguvu ya serikali, shule na gazeti. Kattwinkel aliandika v mahali pa p. Sisi tuliandika "adui" mahali pa jina la watu.

Jambo hili lina uzito wa kipekee kwa mwanafunzi wa Karatu. Mtoto wa Kiiraqw huanza na Kiiraqw nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha kwa Kiingereza sekondari na chuoni. Anapofika chuo kikuu na kufunguliwa mfumo wa masomo wa mtandaoni, huwa amekwisha kuvuka mipaka miwili ya lugha. Kiswahili, ambacho jijini hulalamika kwamba kimebanwa na Kiingereza, kwake ndicho kilichokuwa lugha kubwa ya kwanza kumbana. Mwanaisimu wa Kiswahili anayekwenda mkutanoni hana budi kuibeba hali hii pia, la sivyo atadai huko haki ambayo hajaitoa nyumbani.

Ukumbini na nje ya ukumbi

Mkutano unaojulikana zaidi katika uwanja huu barani mwetu ni eLearning Africa, ulioanza Addis Ababa mwaka 2006, ukaja Nairobi mwaka 2007, Dar es Salaam mwaka 2011, Kampala mwaka 2014, na kurejea Dar es Salaam Mei 2025. Huendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Silitaji hili kwa lawama, kwani mkutano unaokusanya nchi nyingi lazima uchague lugha. Lakini mwanafunzi wa isimujamii aizingatie picha hiyo: mkutano kuhusu kujifunza, ndani ya jiji linalozungumza Kiswahili kutwa kucha, ambamo Kiswahili hutumika mapokezini, kwenye chakula na kwenye teksi, na istilahi hutungwa chumba cha pili kwa lugha nyingine. Anayetaka kujua Kiswahili kinapungukiwa na nini katika uwanja wa teknolojia asikilize Watanzania wawili waliotoka kwenye kikao hicho wakisimuliana kilichosemwa. Huanza kwa Kiswahili, na kila wanapofikia kiini cha jambo hugeukia Kiingereza. Mahali wanapogeukia ndipo palipo na kazi yetu, na hakuna orodha ya istilahi inayoweza kutuonyesha mahali hapo vizuri zaidi.

Somo la pili nimelipata katika historia ya kongamano jingine, Deep Learning Indaba, linalowakutanisha watafiti wa ujifunzaji wa mashine barani Afrika. Lilianza Johannesburg mwaka 2017, na Agosti 2019 lilifanyika Nairobi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Katika mazingira ya makongamano hayo ulizaliwa mwaka 2019 mtandao wa Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja, ambao ulijiwekea lengo la kushughulikia tafsiri ya mashine kwa lugha za Afrika. Makala yao ya mwaka 2020 ilibeba majina ya waandishi zaidi ya 40, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba wasemaji wa lugha, hata wasiosomea kompyuta, wawe watafiti pamoja na wahandisi. Wanafunzi wa Kiswahili walioko hapa wazingatie sentensi hiyo. Kwa miaka mingi tumekuwa tukisubiri wahandisi watuite. Hapa walikuwepo wahandisi walioandika kwamba bila sisi hawawezi.

Lakini nani hufika? Mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza ya kwenda kwenye mkutano mkubwa wa NeurIPS uliofanyika Montreal. Baada ya hapo mkutano mwingine mkubwa, ICLR, ulipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, jambo ambalo lingekuwa la kwanza la aina yake barani. Ugonjwa wa UVIKO-19 ukauhamishia mtandaoni. Baadhi ya watu walisema basi imekuwa nafuu, maana mtandaoni hakuna viza. Mimi sikubaliani nao kikamilifu. Mada hupatikana mtandaoni, ila ule mwaliko wa kuandika pamoja, unaotoka kwa mtu uliyekaa naye mezani, haupatikani kwa urahisi huo. Na kwa mwalimu aliyeko Endulen au Mang'ola, suala la kwanza si viza wala meza. Ni kama mtandao wenyewe utamfikia.

Lugha "yenye rasilimali haba"

Mojawapo ya majina yaliyozaliwa katika mikutano hii ni lile linaloziita lugha fulani kuwa zina rasilimali haba. Kwa mhandisi maana yake ni finyu na haina dharau: hakuna matini ya kutosha katika umbo ambalo mashine inaweza kulisoma. Kiswahili mara nyingi kimewekwa katika kundi hilo. UNESCO, ilipoitangaza mwaka 2021 tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ilitaja wasemaji zaidi ya milioni 200.

Tatizo linaanza pale tunapoitafsiri istilahi hiyo. Rasilimali kwa Kiswahili ni mali na utajiri. Ni madini, misitu na mashamba. Mwanafunzi anayesikia kwamba lugha yake haina rasilimali husikia kwamba lugha yake ni maskini, na kutoka hapo si mbali kufikia uamuzi kwamba haifai kuandikia tasnifu. Ningependekeza tuseme "lugha zenye matini chache za kidijiti". Ni maneno marefu zaidi, lakini yanamwonyesha msikilizaji upungufu uko wapi. Upungufu huo uko katika kazi yetu ya kuhifadhi, wala hauko katika lugha.

Isitoshe, istilahi hiyo inauficha ukweli kwamba kazi imekwisha kufanyika. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuunda mfumo wa kuchanganua Kiswahili kwa kompyuta, uliokuja kuitwa SALAMA, na chuo hicho kikaandaa kongoo, yaani hazina ya matini, ya Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ninaposikia mzungumzaji akisema mwaka huu kwamba Kiswahili ndiyo kwanza kinaanza safari ya kompyuta, huwa natamani kumuuliza amesoma nini.

Hata hivyo kuna swali ambalo hazina hizi hazijalijibu. Kongoo nyingi za Kiswahili zimejengwa kwa magazeti, vitabu na maandishi ya taasisi. Kiswahili cha mnada wa ng'ombe Karatu, kinachosemwa na Mdatooga akijadiliana bei na Mwiraqw, ambapo kwa wote wawili ni lugha ya pili, hakimo. Mashine iliyofundishwa kwa gazeti itakapowekwa katika huduma ya afya au katika mtihani wa kusikiliza, itamwona mzungumzaji huyo kuwa anakosea. Matumizi ya mashine hizo katika elimu yanapozidi kupanuka, kosa la mashine litageuka kuwa alama za mwanafunzi.

Kupima neno Karatu

Watunga istilahi wa miaka ya 2000 walitupatia maneno mazuri. Chukueni kupakua. Pakia na pakua ni jozi ya kale ya Kiswahili: kiambishi cha utenguzi kinafanya kazi yake, shehena huingia jahazini na kutoka, chakula hutolewa chunguni na kuwekwa sahanini. Neno lilipopewa maana ya kuchukua faili kutoka mtandaoni halikuhitaji kuelezwa. Nadhani hiyo ndiyo sababu lilienea, wakati tarakilishi na kompyuta vingali vikigombana na mtu wa kawaida ameshachagua kompyuta.

Leo ubishi upo juu ya akili bandia, akili mnemba na akili unde. Watu huulizana ipi ni sanifu. Ningeuliza ipi inaeleweka na mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili na hana kamusi. Bandia inaeleweka mara moja, lakini inaeleweka vibaya, maana noti bandia na dawa bandia ni udanganyifu. Mnemba, kwa mtu wa bara, haifungamani na mzizi wowote anaoujua. Unde inatokana na kuunda, kitenzi ambacho mtoto wa shule ya msingi amekwisha kukisikia, na humpa fununu ya maana kabla hajaelezwa. Kwa kipimo hicho naielekea unde, ingawa natambua kwamba mnemba imekwisha kushika kasi katika matumizi ya Tanzania, na matumizi hayasubiri mihadhara.

Kipimo hiki kinaweza pia kutuhukumu vibaya sisi wasanifishaji. Neno letu la kitabuni kwa shimo la volkano ni kasoko. Waongoza watalii wa Karatu, ambao kwa hesabu yangu ndio wafasiri wanaofanya kazi nyingi zaidi katika mkoa mzima, husema kreta, na huelewana na dereva, askari wa hifadhi na mgeni kwa pamoja. Sijaona sababu ya kuwakataza.

Ripoti ya safari

Mtumishi wa umma anaporejea kutoka mkutanoni hutakiwa kuandika ripoti ya safari. Tunajua ripoti hizo huishia wapi. Pendekezo langu kwa idara za Kiswahili ni dogo na halihitaji mfadhili: ripoti ya mkutano wowote wa teknolojia iandikwe kwa Kiswahili, iwe na orodha ya maneno ambayo mshiriki alishindwa kuyasema kwa Kiswahili, na isomwe kwa sauti mbele ya watu ambao hawakuwepo, ikiwezekana walimu wa wilayani, kabla ya kuwekwa kwenye jalada. Wakati wa kwenda, mshiriki abebe jambo moja la kweli kutoka nyumbani ambalo wahandisi hawawezi kulijua wenyewe.

Natoa mfano wa jambo la kubeba. Mwaka 2002 ilichapishwa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Kiiraqw kina sauti za koromeo, na mojawapo huandikwa kwa alama ya mkwaju. Neno la mwanamke, kwa mfano, ni /ameeni. Kwa Mwiraqw mkwaju huo ni konsonanti kamili kama b au m. Kwa programu nyingi za kukata matini kuwa maneno, mkwaju ni alama ya kuakifisha. Huukata na kuutupa, na neno hubaki bila konsonanti yake ya kwanza. Maandishi yote ya Kiiraqw yatakayoingizwa katika mashine kwa njia hiyo yatatoka yakiwa na majeraha, na hakuna atakayegundua iwapo hakuna Mwiraqw au mwanaisimu aliyekuwepo.

Kiswahili nacho kina jeraha la aina hiyohiyo, katika ritifaa ya ng'. Jina la Mang'ola, kata ya Wilaya ya Karatu wanakoishi baadhi ya Wahadza na kunakolimwa vitunguu vya umwagiliaji, hupatikana katika maandishi ya kidijiti kwa ritifaa iliyonyooka, kwa ritifaa iliyopinda, kwa alama ya kufungulia nukuu, na bila alama yoyote. Kwa mashine hayo ni maneno manne, na kuna programu zinazolikata jina katikati zikahesabu Mang kuwa neno na ola kuwa neno jingine. Mwanafunzi anayetaka mada ya shahada ya uzamili anaweza kuanza hapo: achukue kongoo moja ya Kiswahili, ahesabu ng' ziliandikwa kwa njia ngapi na zilikatwa mara ngapi, aandike matokeo, na ayapeleke katika mkutano ujao.